Unga mweupe ndani ya kasha la mama

Kisa chenyewe kinaenea kwenye sinia. Sanamu 33 za mchezo, zote fupi kuliko kidole gumba isipokuwa moja yenye mbawa, zilifungiwa ndani ya kasha la msaji katika nyumba yetu ya Malindi, Mji Mkongwe, mwaka 1995. Zikatoka mwaka jana. Nne zilikuwa zimeota unga mweupe, na mmoja kati ya hao wanne hana uso tena. Nilitaka kuzisafisha na kuzipaka rangi upya, kazi niliyoikadiria wiki tatu. Imenichukua miezi minane, nimeharibu sanamu moja isiyotengenezeka tena na nimegombana na dada yangu kwa ajili ya nyingine. Nayaandika kama yalivyotokea, maana kasha la mbao, joto la pwani na kitu cha madini ya risasi ndani yake si mambo ya nyumba yetu peke yetu.

Zilikotoka

Marehemu baba alikuwa baharia, mtu wa chumba cha mashine. Mwaka 1991 alirudi kutoka Uingereza na boksi la mitumba alilolinunua kwa bei ya kutupa kwa mama mmoja aliyekuwa akisafisha chumba cha wanawe waliokwisha kuhama. Mle ndani mlichanganywa vitu vya aina mbili. Sanamu 14 za plastiki zilikuwa mabaki ya HeroQuest, mchezo wa ubaoni uliotolewa mwaka 1989 na Milton Bradley kwa kushirikiana na Games Workshop. Boksi kamili lina sanamu 35, mashujaa 4 na maadui 31. Zile 19 nyingine zilikuwa za madini, nzito kuliko kimo chake, nyingi zimeandikwa Citadel kwenye ulimi mdogo chini ya miguu, ulimi unaochomekwa kwenye ufa wa kitako. Citadel ni kampuni ya Kiingereza iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1970, ikisubu sanamu kwa ajili ya watu waliocheza Dungeons & Dragons, mchezo wa Kimarekani wa mwaka 1974, na baadaye Warhammer, uliotoka 1983. Siku hizo zilisubiwa kwa mchanganyiko wa risasi na bati. Risasi ilikuja kuachwa katika miaka ya 1990.

Hayo nimeyajua ukubwani. Wakati ule nilikuwa na miaka kumi, dada yangu saba, na boksi halikuwa na kitabu cha kanuni wala dadu. Tukajitungia mchezo wetu barazani: unarusha kauri sita, zinazolala mdomo juu ndizo hatua zako. Wale wa kijani wakawa mazimwi. Mzee wa joho refu na kitabu mkononi akawa Maalim. Mifupa wawili waliofanana kama shilingi mbili wakawa Kurwa na Doto, na kwa kuwa hatukuweza kuwatofautisha, Doto tulimpaka kijani kwa rangi ya ngalawa iliyobaki kwa mjomba. Kijani kizito, kama uji uliolala. Wengine nao tukawapaka hivyo hivyo, kwa buluu au kwa kijani, mpaka kopo likakauka. Kibeti, kijitu kifupi chenye shoka na ndevu hadi magotini, alikuwa wa dada. Ilipofika harusi ya shangazi yetu mwaka 1992 alimpaka joho jekundu kwa rangi ya kucha ya bibi harusi na ndevu kwa piko.

Mwaka 1995 ukaja na Popobawa, jini la kuvumishwa lenye mbawa za popo. Waliokuwepo hawahitaji kuelezwa: uvumi ulianzia Pemba ukavuka hadi Unguja, watu wakawa wanalala nje kwa makundi. Nasi tulikuwa na sanamu ya plastiki ya kijivu, kubwa kuliko zote, yenye mbawa za popo. Mtoto wa jirani akaitaja kwa jina hilo mbele ya bibi. Usiku ule ule mama akazikusanya zote, akazifunga kwenye taulo, taulo akalitia kwenye boksi la viatu, boksi kwenye kasha, na kasha akalitia kufuli. Hakuzitupa, kwa sababu zilikuwa zawadi ya baba. Hakutaka kuziona, kwa sababu ya zile mbawa.

Chokaa haichagui

Mwaka jana, masika yalipokwisha, dari la chumba cha mama lilikuwa linavuja na boriti mbili zimeoza, ikabidi kasha lihamishwe. Mama ndiye aliyelifungua, na ndiye aliyeuona unga kwanza. "Chokaa hiyo, mwanangu, pangusa tu."

Kwa nyumba kama yetu hilo ni jibu la haki. Kuta za mawe na chokaa humwaga unga kila msimu. Ukiacha kikombe dirishani asubuhi, jioni kina vumbi. Lakini taulo lilikuwa safi. Sanamu za plastiki zilizolala ubavuni mwa zile za madini zilikuwa safi. Na unga wenyewe haukuwa umekaa juu ya madini, ulikuwa unatoka ndani yake: nilipoupangusa kwa pamba uliacha vishimo, kama uso wa mtu aliyepona ndui. Chokaa ingemwangukia kila mtu. Huu ulichagua wanne tu: Kurwa, mpiga ngoma, na wapiga upinde wawili.

Hapo ndipo nilipofanya kosa la kwanza. Shemegi yangu, ambaye njumu za shaba za kasha lile amezing'arisha miaka yote kwa ndimu na siki, alinishauri siki. "Kama inatoa kutu ya shaba, itashindwa na hiki?" Nikamtumbukiza mpiga ngoma kwenye kikombe cha siki, akalala humo. Asubuhi unga wote umeondoka, madini yanameta kijivu, nikafurahi kweli. Nikamsuuza kwa maji ya bomba nikamweka dirishani. Baada ya wiki tatu alikuwa mweupe mwili mzima, na nilipomshika, ngoma ilibaki kwenye vidole vyangu kama biskuti iliyoloa chai.

Sababu yake nimeielewa baadaye, nayo ndiyo moyo wa kisa hiki. Mbao hupumua. Ndani ya kasha lililofungwa, hasa penye joto na unyevu, mbao hutoa mvuke wenye asidi ile ile iliyomo kwenye siki, na karatasi ngumu ya boksi la viatu huongezea yake. Asidi hiyo ikiigusa risasi huilainisha iwe chumvi, kisha unyevu na hewa ukaa ya kawaida huigeuza chumvi hiyo kuwa unga mweupe wa kabonati. Asidi inakuwa huru tena, inarudi kwenye madini, inaanza upya. Ndiyo maana haihitaji nyingi. Kidogo tu, ikipewa miaka karibu 30, inatosha. Mimi nilichofanya ni kumpa mpiga ngoma dozi ya miaka mingi kwa usiku mmoja, kisha nikamwacha na mabaki yake kwenye kila kishimo.

Linalochekesha, kama mtu ana moyo wa kucheka, ni kwamba kwa karne nyingi Waholanzi walikuwa wakifanya jambo hili makusudi. Walitia vipande vya risasi kwenye vyungu vyenye siki, wakavifukia ndani ya samadi ili vipate joto, wakasubiri miezi, kisha wakaukwangua ule unga mweupe. Hiyo ndiyo iliyokuwa rangi nyeupe ya wachoraji wa Ulaya. Mama alikuwa na kiwanda cha rangi chumbani kwake na hajui.

Unga huo ni sumu, na hili sitalipitia haraka. Chumvi ya risasi na siki ina ladha tamu. Wazungu waliiita sukari ya risasi, na mtoto akilamba hatatema. Kwa hiyo: hakuna kupuliza, hakuna kupiga msasa mkavu, glavu mikononi, chakula na chai nje ya chumba, na wapwa zangu wakapigwa marufuku mpaka kazi iishe. Mama nilipomweleza kwa simu kwamba vile vitu vya baba vina risasi, alinyamaza kidogo, kisha akauliza kwa sauti ndogo kama polisi wanajua. Mjomba, ambaye ni mvuvi, yeye aliona suluhisho moja tu: ziyeyushwe zitoke chubwi za mshipi.

Waliobaki wagonjwa, watatu sasa, niliwasafisha kwa mswaki laini ndani ya maji yaliyokenekwa, yale ambayo wauza vipuri huyaita maji ya betri. Mtu aangalie anachopewa dukani, maana wengine kwa jina hilo hilo watakupa asidi. Nikasugua chini ya maji ili vumbi lisiruke, nikabadilisha maji mara tano, nikawakausha mbele ya feni, na siku ile ile nikawapaka praima, rangi ya chini ya kushikia rangi nyingine. Madini yaliyo uchi hayaachwi yakilala usiku.

Kibeti

Kosa la pili halikuwa la kemia. Kemia yake ilikwenda vizuri mno.

Kwa sanamu za madini zenye rangi nzee nilinunua Darajani chupa ya asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha. Za plastiki sikuzigusisha. Nilijaribu kwanza kwenye kitako kilichovunjika, kikalainika kama ubani wa kutafuna. Hizo nilizilaza usiku kucha kwenye Dettol, njia ambayo wapenzi wa sanamu hizi wa Uingereza wameitumia miaka mingi. Inafanya kazi, na nyumba ikanuka hospitali siku nne. Ila usizisuuze kwa maji mara tu ukizitoa: rangi iliyolainika ikikutana na maji inageuka ulimbo, na ulimbo huo hautoki vidoleni wala kwenye mikunjo ya nguo za zimwi. Sugua kwanza kwa Dettol hiyo hiyo, rangi yote itoke, ndipo maji na sabuni.

Za madini nilizitia kwenye asetoni tisa kwa pamoja, bila kufikiri ni ya nani na ni ya nani. Ya Kibeti ndiyo iliyotoka mwanzo. Rangi ya kucha ndani ya kitoa rangi ya kucha: nilihesabu hadi kumi, joho limekwisha, kikombe chekundu.

Jumapili dada akaja kutoka Fuoni. Hakukaa, alisimama juu ya meza na buibui lake akiwatazama mmoja mmoja.

"Kibeti wangu yuko wapi, kaka?"

Nikamwonyesha. Alimgeuza, akamtazama kidevuni.

"Na piko?"

"Imetoka pia."

"Ile piko niliiba," akasema. "Nilichapwa kwa ajili yake, wewe ulikuwepo." Akamrudisha mezani taratibu, akaondoka chai yake haijapoa.

Nilibaki na Kibeti mkononi, na nikiri kwamba lililonishughulisha muda ule si dada. Lilikuwa madini. Yalikuwa yanang'aa. Hakuna kishimo, hakuna unga, makali ya shoka yamesimama kana kwamba ametoka kwenye kalibu wiki iliyopita. Naye amelala ndani ya kasha lile lile, taulo lile lile, miaka ile ile kama Kurwa aliyeliwa uso.

Ndipo nikaketi nikahesabu, jambo nililopaswa kulifanya kabla ya kugusa chupa yoyote. Kati ya sanamu 19 za madini, 15 zilikuwa na rangi tuliyoipaka utotoni. Wagonjwa wanne wote walikuwa uchi. Hakuna hata mmoja wa wale 15 aliyeota unga kwenye sehemu iliyopakwa.

Mtu anaweza kusema huenda wanne hao walisubiwa kwa risasi nyingi na bati chache, na kweli risasi ikizidi ndipo ugonjwa unapopata nafasi. Nami nililiwaza. Lakini Kurwa na Doto wametoka kwenye kalibu moja, maandishi ya ulimini ni yale yale. Kurwa, aliye uchi, hana uso. Doto, mwenye kijani cha ngalawa, ana kila jino. Hata hilo mtu anaweza kulipinga, kwa kuwa kalibu moja haimaanishi chungu kimoja cha madini. Basi nikamgeuza Doto. Chini ya nyayo, pale ambapo brashi yetu haikufika, palikuwa na duara jeupe la unga, limeishia pale pale rangi inapoanzia. Madini ya mtu yule yule: penye rangi mazima, pasipo rangi yanaoza. Kwangu hapo shauri lilikwisha.

Rangi ile mbaya, niliyoionea haya na kukimbilia kuifuta, ndiyo iliyokuwa imewafungia mvuke wa kasha nje. Doto aliokoka kwa sababu watoto wawili hawakuweza kumtofautisha na mwenzake.

Nilichofanya baada ya hapo

Nikaacha kuvua rangi. Sanamu sita za madini zilizokuwa bado na rangi ya utotoni zimebaki nayo. Nilisafisha nyayo tu, nikaziba kwa vanishi. Nimeulizwa na mtu anayezikusanya kwa nini nimwache Doto na kijani kile ambacho kimeziba hata mbavu. Kwa mkusanyaji thamani yake imeshuka, sawa. Mimi simuuzi.

Tisa nilizozivua, ukimtoa Kibeti, na wagonjwa watatu nimezipaka upya, na za plastiki 13. Hapa Unguja praima ya kupuliza ni bahati nasibu: siku ya unyevu sanamu inatoka na ngozi ya semolina. Nilipaka kwa brashi, tabaka mbili nyembamba, siku za kusi. Rangi za akriliki chini ya feni hukauka hata kwenye ncha ya brashi, kwa hiyo nikajitengenezea kibao cha unyevu: kontena la chakula, sponji iliyoloa, juu yake karatasi ya kuokea, na rangi juu ya karatasi. Inakaa laini siku mbili.

Somo bora la brashi nililipata kwa kijana anayechora tingatinga na kuuza picha njiani kuelekea Forodhani. Uchoraji huo aliuanzisha Edward Saidi Tingatinga Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa rangi za mafuta zinazong'aa, na rangi hizo kwa sanamu ya milimita 25 ni nzito mno. Ni kijani cha ngalawa tena. Lakini kijana alimtazama Maalim, akasema kitu kimoja: "Huyu hana mpaka." Yaani joho linaingia mkononi, mkono unaingia kitabuni, hakuna mstari wa giza katikati. Nikarudi nyumbani nikampitishia kahawia nyeusi nyembamba kila pale vitu viwili vinapokutana, na ghafla mzee akawa anasoma.

Macho ya Maalim yalinila jioni tatu. Jicho moja ni dogo kuliko chembe ya sukari. Nilikuwa napaka jeupe kisha naweka nukta nyeusi, na kila mara nukta inakwenda upande, Maalim anakuwa kengeza. Kilichofaa ni kinyume: mstari mweupe wa kulala, kisha mstari mweusi wa kusimama unaokata jicho zima juu hadi chini, bila kujali unamwagika wapi, kisha rangi ya ngozi juu na chini kufunga kope. Nukta inajitengeneza yenyewe kwa kilichobaki. Pumzi unaitoa kwanza, halafu ndipo unagusa.

Kurwa sikumtengenezea uso. Nilifikiria gundi ya epoksi na sindano, nikaona nitakuwa nimemchonga mtu mwingine. Nimempaka giza ndani ya kofia yake, basi.

Hawakurudi kwenye kasha. Wako kwenye kontena la plastiki lisilofungwa kwa nguvu, juu ya kipande cha sponji safi, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyotoka kwenye maboksi ya viatu vipya. Boksi lenyewe la viatu nililichoma. Wa plastiki mwenye mbawa hajapakwa. Mama alikuja kuwatazama, akawapita wote kwa kidole, akafika kwake, akasema, "Huyu mwache alivyo," nami sikumuuliza kwa nini. Mchana wake yumo ndani ya kontena, amegeuzwa uso ukutani. Si mimi niliyemgeuza.

Dada alirudi mwezi wa sita wa kazi hii, na chupa ya rangi ya kucha kwenye mkoba. Si nyekundu ile. Hii ina mng'aro kidogo, haikuwepo 1992. Piko aliichanganya mwenyewe kwenye kisahani changu cha chai. Alikaa saa nzima kwenye kiti changu, taa yangu, miwani yangu, ulimi nje kama alivyokuwa akifanya skuli, na alipomaliza ndevu zilikuwa zimevuka mpaka zikaingia kwenye shoka. Nikamwambia ningeweza kulisafisha lile shoka kwa brashi namba sifuri. Akaniangalia.

Wiki iliyopita niliwakagua kwa mara ya kwanza tangu masika ya mwaka huu yaanze. Mpiga upinde mmoja ana nukta nyeupe kwenye kifundo cha mguu, kubwa kama ncha ya pini. Nimemtenga kwenye glasi. Wengine wazima. Kibeti sikumkagua. Yuko Fuoni, juu ya friji, na ruhusa ya kumgusa sijapewa.